RANGI YA RIMU ZA GARI JIPYA NA HAKI YA MNUNUZI

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata katika kikao cha elimu kwa walaji



Mada ya leo yaweza kuonekana ndogo. Mtu anunuapo gari husikiliza mngurumo wa injini, huuliza matumizi ya mafuta na bei ya vipuri. Rangi ya rimu huitazama kama pambo tu. Hata hivyo rangi hiyo ndiyo ngozi ya gurudumu, na kasoro inayoonekana humo katika siku za mwanzo hugusa usalama, fedha na sheria kwa wakati mmoja. Mnunuzi anayeiona mapema na kuiandika hubaki na haki zake zote mkononi. Anayeiona akanyamaza, au akaipeleka kwa fundi wa jirani kabla ya kumwarifu muuzaji, huzipunguza haki hizo kwa mikono yake mwenyewe.

Jambo hili haliwahusu wenye magari ya kifahari pekee. Pikipiki nyingi mpya zinazobeba abiria katika kata huja na rimu za aloi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokopeshwa kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri huweza kununua vyombo vipya kwa fedha hizo, na chombo kikiwa na kasoro mkopo hudaiwa vilevile. Kwa hiyo anayepokea funguo kwa niaba ya kikundi anapokea pia wajibu wa kukagua kwa niaba ya wenzake.

Rimu ya aloi na tabaka za rangi yake

Rimu za aloi, ambazo mitaani huitwa rimu za spoti, hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, hasa silikoni na kiasi kidogo cha magnesi. Nyingi huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kisha hupashwa joto kwa utaratibu maalumu ili metali ikomae na kupata nguvu. Baada ya hapo husafishwa kwa kemikali ili rangi ishike, hupakwa prima, kisha rangi yenyewe, na mwisho klia, yaani tabaka angavu la juu linaloleta mng'ao. Kila tabaka hukaushwa katika tanuri. Tabaka zote zikijumlishwa hazifiki nusu milimita, lakini ndizo zinazoitenga metali na maji, chumvi, mchanga na vumbi la breki.

Ipo pia aina ya rimu ambayo uso wake huchongwa kwa mashine mpaka metali ing'ae kama kioo, kisha hufunikwa kwa klia peke yake. Rimu hizo hupendeza sana, lakini ni dhaifu zaidi mbele ya unyevu, kwa maana klia ikipasuka hakuna rangi chini yake ya kuikinga metali.

Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma. Ikishambuliwa na chumvi hutoa unga mweupe, na unga huo ukianzia chini ya klia huenea kwa mistari myembamba iliyopindapinda, mithili ya njia za mchwa ukutani. Kwa wakazi wa maeneo ya pwani, ambako upepo hubeba chumvi usiku na mchana, tundu dogo kama ncha ya sindano latosha kuwa mlango wa uharibifu huo.

Uharibifu ukibaki usoni huondoa sura tu. Ukifika kwenye mdomo wa rimu, mahali tairi lisilo na tyubu linapokaa na kuzuia upepo usitoke, mambo hubadilika. Rangi inayobanduka hapo huacha nafasi ndogo, upepo huvuja kidogokidogo, na dereva husafiri na tairi lenye upepo pungufu bila kujua. Tairi la namna hiyo hupata joto kupita kiasi na laweza kupasuka gari likiwa kwenye mwendo. Hapo ndipo kasoro ya rangi inapogeuka kuwa jambo la uhai.

Kasoro za kiwandani na majeraha ya barabarani

Ugomvi mwingi kati ya mnunuzi na muuzaji hutokana na swali moja: kasoro ilikuwapo tangu mwanzo au imetokea barabarani? Muuzaji hawajibiki kwa jiwe lililorushwa na lori, na mnunuzi hapaswi kubeba uzembe wa kiwanda. Zipo dalili zinazosaidia kutenganisha mambo hayo mawili.

Kasoro ya kiwandani mara nyingi hukaa chini ya klia. Mtu akipitisha ukucha juu yake huhisi uso laini ingawa macho yanaona doa, nywele au punje ya vumbi iliyonaswa ndani. Wakati mwingine rangi huwa imetiririka na kuganda kama tone la nta. Au imekunjamana kama ganda la chungwa. Au imejaa vitundu vidogo vilivyoachwa na hewa. Au ni nyepesi mno kwenye kona hata prima inaonekana. Malengelenge yanayojitokeza mahali pasipo na mkwaruzo wowote huashiria kwamba metali haikusafishwa vizuri kabla ya kupakwa. Dalili nyingine kubwa ni kasoro ileile kujirudia mahali palepale katika rimu mbili au zaidi, kwa kuwa mawe ya barabarani hayachagui sehemu moja katika kila gurudumu.

Jeraha la barabarani lina sura yake. Jiwe huacha shimo lenye kingo kali, na rangi huanza kubanduka kutoka kwenye shimo hilo. Ukingo wa barabara hukwangua mdomo wa rimu kwa mstari unaofuata mzunguko, na kwa kuwa magari ya Tanzania hupita upande wa kushoto, rimu za kushoto ndizo huumia zaidi. Kemikali kali ya kuoshea huacha michirizi ya weupe inayofuata njia ya maji. Mashine au chuma cha kutolea tairi huacha alama kwenye ukingo, karibu kabisa na mpira.

Kuna kundi la tatu ambalo husahauliwa, nalo ni majeraha yanayotokea baada ya gari kutoka kiwandani na kabla ya kumfikia mnunuzi. Gari hufungwa kwa minyororo au mikanda melini na kwenye malori; hukaa bandarini na katika yadi; huoshwa na watu wengi. Mkwaruzo uliopatikana katika safari hiyo si kosa la kiwanda, lakini si mzigo wa mnunuzi pia. Aliyenunua gari jipya dukani anastahili kulipokea likiwa jipya, na muuzaji atajua namna ya kudaiana na msafirishaji wake.

Ukaguzi kabla ya kutia saini

Ukaguzi wa rimu nne hauchukui zaidi ya nusu saa, na wakati wake ni kabla ya saini kuwekwa kwenye hati ya makabidhiano. Gari likabidhiwe mchana, mahali penye mwanga wa jua, magurudumu yakiwa yameoshwa na kukauka. Maji na vumbi huficha kasoro, na taa za dukani hudanganya macho.

Mkaguzi achuchumae mbele ya kila rimu na kuitazama kwa mshazari, kwanza upande mmoja kisha mwingine, kwa kuwa kasoro ya klia huonekana mwanga unapoteleza juu yake. Aangalie matundu ya nati, kona za ndani za mikono ya rimu, sehemu iliyo karibu na mpira, na pembezoni mwa vipande vya uzito vilivyobandikwa ili kusawazisha gurudumu. Atumie tochi ya simu kuchungulia upande wa ndani. Alinganishe rangi ya rimu zote nne, maana moja ikiwa na wekundu au ukijivu tofauti yaweza kuwa ilipakwa upya. Asisahau gurudumu la akiba, likiwa nalo ni la aloi.

Kasoro ikionekana, ipigwe picha mara tatu: kwa mbali ili gari lote litambulike, kwa ukaribu wa kati ili gurudumu husika lijulikane, na kwa karibu kabisa huku kitu kidogo kama sarafu kikiwekwa kando ili ukubwa uonekane. Picha ya namba ya chasisi iambatane nazo. Kisha kasoro iandikwe kwenye hati yenyewe ya makabidhiano, nakala zote, na mwakilishi wa muuzaji atie saini chini ya maneno hayo. Maneno yatosha kuwa mafupi, kwa mfano:

"Gari limepokelewa leo likiwa na kasoro hii: rimu ya nyuma kushoto ina malengelenge matatu ya rangi karibu na tundu la nati. Mnunuzi hajaikubali kasoro hiyo na anaomba rimu ibadilishwe."

Ahadi ya mdomo kwamba "utaleta wiki ijayo tutakurekebishia" haina nguvu iliyo sawa na mstari mmoja wa kalamu. Afisa mauzo aliyetoa ahadi aweza kuhamishwa, kusahau au kukana. Kauli ya msingi katika mashauri ya madai ni kwamba anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Na picha yenye tarehe pamoja na hati yenye saini ni ushahidi mwepesi kubeba na mgumu kupinga.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, inaweka sharti kwamba bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo yake kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Sharti hilo huwamo katika mkataba hata kama halikuandikwa. Lakini sheria hiyohiyo ina tahadhari mbili ambazo kila mnunuzi apaswa kuzifahamu.

Tahadhari ya kwanza ni kwamba mnunuzi akiikagua bidhaa kabla ya mkataba, sharti hilo la ubora halihusu kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo mtu aliyezunguka gari dukani, akaona rimu imechubuka na bado akalipa bila kusema neno, hawezi kurudi baadaye na kulalamikia mchubuko ule. Apaswa kudai kabla ya kulipa kwamba rimu itabadilishwa, na ahadi hiyo iandikwe katika mkataba.

Tahadhari ya pili inahusu kuikubali bidhaa. Mnunuzi huhesabiwa kuwa ameikubali pale anapomjulisha muuzaji kwamba ameikubali. Au anapoitendea, baada ya kukabidhiwa, kwa namna isiyopatana na umiliki wa muuzaji. Au anapokaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumjulisha kwamba anaikataa. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kuipiga rimu msasa na kuipaka rangi mpya ni kutenda kama mwenye mali aliyekwisha kuridhika. Kukaa miezi bila taarifa nako huchukuliwa kama ridhaa. Anayefikia hatua hiyo hupoteza haki ya kurudisha bidhaa, ingawa aweza bado kudai fidia au punguzo la bei.

Haki izungumzwe pia kwa upande wa pili. Si kila doa la rangi linampa mnunuzi uwezo wa kurudisha gari zima. Punje moja ya vumbi chini ya klia haitavunja mkataba wa mamilioni ya shilingi, na anayedai makubwa kwa sababu ndogo hudhoofisha hata dai lake la haki. Dai linalolingana na kasoro ndilo linalosikilizwa: rimu ibadilishwe, au ipakwe upya kwa kiwango cha kiwanda na kwa gharama ya muuzaji, au bei ipunguzwe kwa kadiri ya hasara.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji na ina sehemu inayohusu masharti ya lazima katika mikataba ya walaji. Muuzaji anayefunika kasoro kwa rangi ya kopo na kuliuza gari kama jipya lisilo na dosari huingia katika eneo hilo.

Dhamana ya mtengenezaji ni jambo jingine linalohitaji kusomwa kabla ya kutiwa imani. Vijitabu vingi vya dhamana hutenga rangi na kutu katika vifungu vyake pekee, na huondoa madhara ya mawe, kemikali na matengenezo yaliyofanywa nje ya karakana zilizoidhinishwa. Muda wa dhamana ya rimu waweza kuwa mfupi kuliko ule wa injini. Ndiyo maana haki ya kisheria na dhamana ya kampuni hazifai kuchanganywa: ya kwanza hutoka kwa muuzaji kwa nguvu ya sheria, ya pili hutoka kwa mtengenezaji kwa masharti aliyoyaweka mwenyewe.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka nje, ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa magari mapya kwa kuwa hayajawahi kutembea nchini, wako katika hali tofauti. Rimu za magari hayo huenda zimekwishapakwa upya huko zilikotoka. Wao wazingatie zaidi nyufa, mipindo na uvujaji wa upepo kuliko mng'ao wa klia.

Matengenezo yanayoongeza hatari

Msukumo wa kumaliza jambo haraka humpeleka mwenye gari kwa fundi wa rangi aliye karibu. Mafundi wa mitaani wana ujuzi mwingi, na rimu iliyokwisha muda wa dhamana yaweza kurejeshwa vizuri na mkono uliozoea. Lakini kuna makosa matatu ambayo hayafai kufanywa na fundi yeyote.

Kosa la kwanza ni kupaka rangi mahali pasipotakiwa rangi nzito, yaani kwenye kiti cha nati na kwenye uso wa nyuma unaogusana na kitovu cha gurudumu. Rangi hiyo hubanwa na nati, kisha hulegea na kusagika gari linapotembea, na nati hulegea pamoja nayo. Gurudumu laweza kuchomoka. Baada ya rimu yoyote kuvuliwa na kurudishwa, nati zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kosa la pili ni joto la kupita kiasi. Nguvu ya rimu ya aloi imetokana na kupashwa joto kwa kipimo. Anayeichoma kwa moto wa gesi ili kubandua rangi ya zamani, au kuiweka katika tanuri lisilo na kipimajoto, huilegeza metali bila alama yoyote kuonekana nje. Rimu hung'aa kama mpya huku uwezo wake wa kuhimili shimo la barabarani umepungua.

Kosa la tatu ni kupuliza rangi juu ya uchafu na unga mweupe bila kuufikia mzizi wake. Ugonjwa ulio chini ya klia huendelea kutambaa, na baada ya masika moja malengelenge hurudi makubwa zaidi. Muuzaji naye akipendekeza kupuliza rangi kidogo mahali penye kasoro huku tairi likiwa limefungwa, mnunuzi ana sababu ya kukataa: rimu ivuliwe, isafishwe, ipakwe yote, na kazi hiyo ipewe dhamana ya maandishi.

Utunzaji wa kawaida hauna gharama. Rimu ioshwe ikiwa imepoa, kwa maji mengi na sabuni laini, kwa sifongo kisichotumika kwenye bodi. Vimiminika vyenye asidi viepukwe. Gari lililopita ufukweni au kwenye maji ya chumvi lisuuzwe siku hiyohiyo, likumbukwe na upande wa ndani wa magurudumu.

Njia ya kufuata muuzaji asiposikia

Ndugu wananchi, hatua zifuatwe kwa mpangilio. Kwanza, barua kwa muuzaji, yenye tarehe, namba ya chasisi, maelezo ya kasoro, picha, nakala ya risiti ya EFD na hati ya makabidhiano, ikieleza wazi kinachoombwa na siku ambayo jibu linasubiriwa. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwa mnunuzi. Pili, jibu lisipopatikana, barua kwa mwagizaji au mwakilishi wa mtengenezaji nchini. Tatu, malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Na ikiwa shaka inahusu ubora wa bidhaa yenyewe kwa usalama wa watu wengi, taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania. Nne, shauri la madai mahakamani, ambako nyaraka zile zile za siku ya kwanza ndizo zitakazosema.

Asiyejua kuandika barua ya namna hiyo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Ofisi ya mtendaji wa kata na ofisi ya biashara ya halmashauri ni mahali pa kuulizia walipo, na pa kuelekezwa penye mamlaka husika. Vikundi vilivyopata mkopo vimshirikishe afisa maendeleo ya jamii wa kata siku ya kupokea chombo, ili ukaguzi ufanywe na macho zaidi ya mawili.

Risiti, hati na picha zihifadhiwe pamoja katika bahasha moja, na nakala zake katika simu ya mtu wa pili. Gari huzeeka, rimu huchubuka, na kumbukumbu za wanadamu hufifia. Karatasi iliyotiwa saini siku ya makabidhiano hubaki ikisema lilelile lililoonekana siku hiyo.